Pekani kwa Mwenye Iqama

Wengi wetu hapa Saudia hatupandi miti. Tunapanda mchicha, bamia, mrehani ndani ya ndoo, vitu vya kuvunwa kabla ya iqama kufika kuhuishwa. Simlaumu mtu. Pekani, ile jamaa ya jozi, ukiiotesha kwa kokwa huweza kuchukua miaka 10 na zaidi kabla ya kuzaa, na iqama yangu ni ya mwaka mmoja mmoja.

Tulipokaa Jeddah sikuifikiria. Kule mkungu unaota kama kwetu Tanga, na mwarobaini ndio mti wenye sifa: ule ulio mbele ya Nyumba ya Nasseef, mtaa wa kale wa Al-Balad, husimuliwa kuwa zamani ulikuwa mti pekee mjini, hata nyumba yenyewe ikaitwa nyumba ya mti. Lakini pekani asili yake ni kusini mwa Marekani na Mexico. Inataka kiangazi kikali, na pia inataka baridi ya kulalia. Jeddah haina baridi. Riyadh inayo, usiku wa Januari mtu huvaa koti.

Tulihamia Riyadh mwaka 2013, nyumba ya kupanga yenye uwanja mdogo nyuma. Nikanunua pekani zenye maganda, zisizokaangwa, nikaziloweka siku mbili, kisha nikazifukia katika mchanga wenye unyevu na kuziweka kwenye friji miezi mitatu, jirani na samaki. Mama watoto alivumilia. Zilipoota nilitumia mapipa marefu, kwani mzizi wa pekani hushuka sana kabla jani halijaonekana. Kopo fupi huupinda, mche ukadumaa. Nikapanda miwili, maana maua ya kiume na ya kike ya mti mmoja mara nyingi hayafunguki pamoja.

Taabu hasa ni udongo na maji. Udongo wa hapa una chokaa nyingi, unaizuia zinki, majani yanatoka madogo tena ya manjano. Dawa ni kuyanyunyizia zinki yenyewe tangu yanapochipua. Chumvi pekani haiitaki kabisa. Maji mengi ya bomba ya Riyadh hutoka Jubail, ni bahari iliyoondolewa chumvi na kusukumwa zaidi ya kilomita 400, kwa hiyo nikifungua mpira nafunga kwa wakati. Namwagilia usiku, kwa wingi, si kila siku. Shina changa nililipaka rangi nyeupe, jua la nyuzi 45 lisilipasue.

Julai 2017 ikaja ada ya wategemezi: riyali 100 kwa mwezi kwa kila mmoja, ikipanda mwaka hadi mwaka mpaka 400 mwaka 2020. Piga hesabu ya mke na watoto watatu. Mwaka 2019 niliwasindikiza uwanja wa ndege. Mwaka huohuo ukatangazwa mpango wa Riyadh ya Kijani, miti milioni 7.5. (Yangu miwili sidhani imo.)

Msimu uliopita mmoja ulitoa maua ya kiume, yananing'inia kama mikia. Wa pili haukutoa kitu. Mama watoto akipiga simu kutoka Tanga huuliza miti kwanza, kisha mimi. Mkataba wa nyumba unakwisha Muharram, na mlinzi wa jirani, Msudani, nimeshamwonyesha chupa ya zinki ilipo.