Wasichana wa Berega na Baiskeli

Nilipokuwa msichana Berega, miaka ya 1980, baiskeli ilikuwa mali ya baba. Phoenix au Swala, ilifutwa vumbi kila Jumamosi na kutiwa mafuta kwenye mnyororo. Kaka zangu walijifunza wangali wadogo, wakipenyeza mguu chini ya bomba kwa kuwa hawakulifikia tandiko. Sisi wasichana tulipakiwa kwenye keria, tumekaa upande. Mzee mmoja aliyeheshimika alishatangaza kwamba msichana akiendesha baiskeli ataharibika, hatazaa. Basi maji kichwani, mahindi ya kupeleka mashineni kichwani, na kaka anakupita njiani na keria tupu.

Mwanamke wa kwanza niliyemwona akiendesha mwenyewe alikuwa mkunga wa hospitali ya misheni. Gauni lake jeupe alilikusanya mkono mmoja kwenye mteremko. Watu hawakumsema, nusu ya watoto wa kijiji aliwapokea yeye. Mimi nilijifunza baadaye, nikiwa mwalimu, kwa mshahara wangu.

Kumbe hata huko Ulaya mlango ulikuwa umefungwa. Wanaume walianza kushindana uwanjani kwa baiskeli kwenye Olimpiki ya 1896. Wanawake waliruhusiwa uwanjani mwaka 1988, Seoul, na kwa mbio moja tu. Nilikuja kuyafuatilia haya kwa sababu ya Anna Meares, mwendesha baiskeli wa Australia. Alikulia Middlemount, kijiji cha machimbo ya makaa ya mawe mbali na miji, na wazazi walimpeleka kwa gari zaidi ya saa mbili hadi Mackay kufanya mazoezi. Mwaka 2004 alichukua dhahabu Athens katika mbio za mita 500. Kisha mbio hizo zikafutwa kwenye Olimpiki! Beijing 2008 wanaume walikuwa na mashindano saba ya uwanjani, wanawake matatu. Januari ya mwaka huohuo alianguka Los Angeles akavunjika pingili ya shingo. Miezi saba baadaye akarudi na medali ya fedha.

Agosti 2012 tulimtazama kwenye televisheni, Morogoro mjini, mama akiwa nasi. Fainali ya London, yeye na Victoria Pendleton, kipenzi cha Waingereza, kwenye uwanja wa mbao ulioinuka pembeni kama ukuta. Baiskeli zile hazina breki, na pedali huzunguka muda wote gurudumu linapozunguka. Katika mbio za pili za fainali hiyo Meares alipunguza mwendo mpaka akakaribia kusimama kabisa, mwili umetulia, macho kwa mwenzake, akamlazimisha atangulie. Hapo akamfukuza kutoka nyuma, akampita, dhahabu ikawa yake. Mwaka huo wanawake na wanaume walikuwa na mashindano matano kila upande.

Mama alikuwa kimya mpaka mwisho. Kisha akasema, "Tuliwanyima bure, wanangu."

Meares alistaafu Oktoba 2016 akiwa na medali sita za Olimpiki, na mwaka 2024 aliuongoza msafara wa Australia Paris. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Kigali ni kwa jirani zetu.

Berega ya leo msichana akipanda baiskeli hashangazwi na mtu. Lakini bodaboda zimejaa, na baiskeli imeanza kuonekana chombo cha asiye na uwezo. Jambo hilo linaniuma, maana wasichana wameipata haki hii juzi tu, na wengi bado wanakwenda shule kwa miguu.

Ninyi maafisa michezo wa wilaya yetu ya Kilosa, andaeni mbio za wasichana, hata fupi, kutoka barabara kuu ya Dodoma mpaka hospitalini. Na wewe mzazi mwenzangu, baiskeli iliyoegeshwa ukutani mpe binti yako.