Disku haijajaa, lakini faili linakataa kuingia

Wengi wenu mmeniuliza kwa nini sauti za akina mama wanaotafuta watoto wao zilichelewa siku mbili kufika hewani. Mna haki ya kujua.

Video ilichukuliwa kambini kwa telefone, mama mmoja baada ya mwingine, dakika 40 bila kukata. Tulipotaka kuiweka katika disku ambayo kompyuta zetu zote zinaitumia kwa pamoja, ikajibu: faili ni kubwa mno. Tukatazama disku, zaidi ya nusu ilikuwa tupu. Mmoja akashuku virusi, mwingine kebo. Wa tatu alitaka kufuta vipindi vya zamani ili kupata nafasi, na kufuta kusingesaidia kitu.

Tatizo ni namna disku ilivyopangwa. Disku na flash nyingi hupangwa kwa mfumo wa FAT32. Mfumo huo haupokei faili moja la GB 4 au zaidi, hata kama disku ina nafasi ya GB 500. Ni kama depo kubwa yenye mlango mdogo: magunia mia yanaingia, kabati moja linabaki nje. Na video ya telefone, ikiwa ya ubora wa juu, inaweza kupita GB 4 kwa nusu saa tu.

Dawa ni tatu. Ya kwanza, kukata video vipande, kila kimoja chini ya GB 4. Ya pili, kutoa sauti peke yake: kwa MP3 ya kawaida, dakika moja ni karibu MB 1, basi dakika 40 ni MB 40 hivi. Hiyo ndiyo iliyotuokoa. Ya tatu, kupanga disku upya kwa exFAT au NTFS. Lakini kupanga upya kunafuta kila kitu, kwa hiyo hamisheni kwanza vyote vilivyomo.

Barua pepe nayo ina mpaka wake. Gmail haipitishi viambatisho vya zaidi ya MB 25.

Kwa hiyo ninyi mlio kambini, rekodini kila familia peke yake: jina la anayetafutwa, umri, mahali mlipopotezana na siku. Dakika 2 zinatosha. Faili dogo linapita upesi, na moja likikwama, mengine yatafika. Wala msifute kitu katika telefone mpaka mtangazaji awaambie kwamba amefungua na amesikia.