Farasi wa Windhoek na Wanawake Wasiohesabiwa

Mwezi huu tunawaomba mfuatane nasi hadi Windhoek, mji mkuu wa Namibia. Tulikwenda akina mama watano kuwatembelea wenzetu wa kanisa, kila mmoja na vitenge vyake vya zawadi. Tulidhani tutarudi na habari za nyimbo na mapishi. Tumerudi na habari za farasi.

Mwenyeji wetu, mama wa Kiherero wa makamo, alitupokea akiwa katika vazi lao la heshima: gauni refu la marinda mengi na kilemba kipana chenye ncha mbili mfano wa pembe za ng'ombe. Gauni hilo liliigwa kwa wake za wamisionari katika karne ya 19. Pembe ni za kwao wenyewe, kwa maana Waherero ni wafugaji.

Alitupandisha hadi kilimani, katikati ya mji. Hapo pana kanisa la Kilutheri liitwalo Christuskirche, lililowekwa wakfu mwaka 1910. Karibu yake ipo ngome ya zamani ya Wajerumani, Alte Feste. Katikati limesimama jengo refu la Makumbusho ya Uhuru. "Hapa," alisema, "ndipo alipokuwa farasi."

Farasi huyo alikuwa wa shaba nyeusi, na juu yake askari wa Kijerumani mwenye bunduki mkononi. Alichongwa na Adolf Kürle wa Berlin, akazinduliwa tarehe 27 Januari 1912, siku ya kuzaliwa kwa Kaisari Wilhelm II. Kibao chake kiliwataja Wajerumani waliokufa katika vita vya 1903 hadi 1908: askari zaidi ya 1,600, wengine kwa maradhi, na raia waliouawa. Raia hao walihesabiwa hivi: wanaume 119, wanawake 4, mtoto 1.

Tulinyamaza. Wanawake wanne na mtoto mmoja ni roho za watu, na mama zao waliwalilia. Lakini je, wa upande wa pili walihesabiwa wapi?

Mwaka 1904 Waherero waliinuka kwa kuchoka kunyang'anywa ardhi na ng'ombe. Machifu wao walikubaliana kwamba wanawake na watoto wa Kijerumani wasiuawe. Mwezi Agosti Jenerali Lothar von Trotha aliwashambulia huko Waterberg, walikokuwa pamoja na wake zao, watoto na mifugo. Waliosalia walikimbilia jangwa la Omaheke, na askari wakawazuia wasirudi kwenye visima. Tarehe 2 Oktoba alitoa amri kwamba kila Mherero apigwe risasi, na wanawake na watoto wasipokelewe tena, bali warudishwe kwa watu wao au wafyatuliwe risasi.

Amri hiyo ilifutwa mwezi Desemba, ndipo yakaja makambi. Moja lilikuwa papo hapo, chini ya ngome. Baada ya Waherero, Wanama nao waliteswa vivyo hivyo. Inakadiriwa kwamba walikufa Waherero 65,000 kati ya 80,000, na Wanama 10,000 kati ya 20,000. Makambini, wanawake walilazimishwa kukwangua nyama kwenye mafuvu ya wafu wao kwa vipande vya chupa, ili mafuvu yapelekwe Ujerumani kwa uchunguzi. Mafuvu 20 yalirudishwa mwaka 2011, mengine baadaye.

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tuna rejista. Mtoto akizaliwa tunaandika. Akifa, hata kama ameishi saa moja tu, tunaandika. Tumezoea kuiona kuwa kazi ya karatasi inayochosha. Pale kilimani tulielewa kwamba kumwandika mtu ni kukiri kwamba alikuwepo.

Mwaka 2008, watu waliizunguka sanamu hiyo kwa misalaba ya mbao yenye maneno ya Kiherero. Mwaka 2009 iling'olewa kupisha makumbusho, ikasimamishwa tena mwaka 2010 mbele ya ngome. Usiku wa Krismasi mwaka 2013 iliondolewa, ikawekwa katika ua wa ndani wa ngome hiyo. Mwaka uliofuata, mbele ya ngome ilizinduliwa sanamu nyingine: mwanamume na mwanamke wameinua mikono, minyororo imekatika.

Hapo tulibishana sisi kwa sisi. Mmoja wetu alisema, "Heri wangeiacha ile ya farasi, watoto wapate kuona na kuuliza." Mwingine akasema, "Ungekuwa wewe, ungepita kila siku na mwanao mbele ya bunduki hiyo?" Tulimgeukia mwenyeji wetu. Alijibu polepole, "Bibi yangu hakupenda kupita hapa. Alizunguka njia ya mbali. Mimi sasa napita." Hatukuwa na la kuongeza.

Usiku ule hatukulala upesi. Von Trotha huyo aliwahi kuwa kamanda wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki yetu miaka ya 1890. Na wakati Waherero wako makambini, kwetu vilikuwa vita vya Maji Maji. Mwenzetu atokaye Songea, ambako mashujaa wa Kingoni walinyongwa tarehe 27 Februari 1906, alituambia kwamba nyumbani kwao walisimuliwa zaidi habari za njaa. Askari walichoma mashamba na maghala, na waliokufa kwa njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa vitani. Kisha akakiri, "Wanangu sijawahi kuwasimulia."

Akina mama, ni wangapi kati yetu tumewasimulia? Mnara hujengwa na wenye nguvu, nao huandika wanaowataka. Waliosalia huandikwa nyumbani, jioni, mtoto anapokula na kuuliza maswali. Mwezi Mei 2025 Namibia iliadhimisha kwa mara ya kwanza siku ya taifa ya kuwakumbuka waliouawa. Miaka zaidi ya 100 ilipita, na kabla ya siku hiyo kupatikana, kumbukumbu ilitunzwa vinywani mwa akina bibi.

Basi jioni ya leo, kabla ya kuzima taa, mtajie mwanao jina la bibi yako, na la mama yake ukilijua. Kama hulijui, muulize mkubwa wako angali hai.