Kimombo cha vibao hakiulizi maana

Haya msomaji wangu, wiki hii naanza na mtihani, tena wa bure. Chukua herufi hizi saba: A, E, I, N, R, S, T. Nitolee neno moja la Kimombo linalozimaliza zote. Usikimbilie simu, tumia kichwa.

Umekwama? Si wewe tu. Wengi huzikodolea macho kama wanangoja ziongee zenyewe. Ujanja ni kuanzia mkiani. Maneno ya Kimombo yana mikia yake: ER, ING, EST. Hapo tenga E na R pembeni, chezea hizo tano zilizobaki, mara unapata NASTIER. Sasa geuza, hiyo RE ikae mbele: RETAINS. Koroga tena: RETINAS. Herufi zilezile! Na LISTEN, yaani sikiliza, ukiivuruga inatoka SILENT, yaani kimya. Utadhani kaitunga mwalimu wa zamu.

Huo ndio uhondo wa Scrabble, mchezo tunaoucheza kijiweni kwetu kila Jumamosi, dau soda. Uliasisiwa Marekani miaka ya 1930 na Alfred Butts, msanifu majengo aliyekosa kazi, akawa anahesabu herufi kwenye magazeti aone ipi inajitokeza zaidi. Ndiyo maana vibao vya E ni 12, na K ni kimoja tu. Kimoja! Kwa Kiswahili ungekufa njaa, hata KAKA huiandiki bila kutumia kibao kitupu.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu. Kijiweni yupo braza mmoja, msomi wa chuo kikuu, Kimombo kinamtoka puani. Mie niliishia kidato cha nne, na kuna ofisi moja mjini ilinirudisha nyumbani kwa sababu kwenye intavyuu ulimi ulikuwa mzito, ingawa kazi yenyewe ilikuwa ya kupokea mizigo stoo. Mizigo haiongei Kimombo, jamani!

Basi juzi nikaweka QI. Braza akaruka: "We dogo, neno gani hilo? Maana yake nini?"

"Braza, sheria haiulizi maana. Inauliza kama limo kwenye kamusi."

Kamusi ya Collins ikafunguliwa. Limo. Ni ile nguvu ya uhai kwenye imani za Wachina. Q peke yake ina pointi 10, soda ikawa yangu. Jamaa akanuna: "Unakariri tu wewe, Kiingereza hujui."

Sawa, nakariri. Nigel Richards wa New Zealand naye alikariri. Mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa wakati Kifaransa chenyewe haongei, alimeza kamusi kwa wiki chache tu. Mwaka 2024 akafanya hivyohivyo kwa Kihispania. Na mwaka huohuo wa 2015, kule Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza. Fainali alimgaragaza Mwingereza, michezo minne kwa bila. Mwingereza, kwa lugha ya mama yake!

Lakini nisimwonee braza, nusu yake yuko sahihi. QI haitanisaidia siku nyingine nikiwekwa mbele ya watu watatu wenye tai, wanaosikiliza lafudhi kuliko jibu. Ninachokipendea kile kibao ni kwamba hakisikii lafudhi. Ukiweka neno, limo au halimo, basi.

Nasikia braza sasa anakesha na maneno ya herufi mbili, ambayo kwa orodha ya mashindano yanazidi 120. Akeshe tu. Mie nimeshahamia ya herufi tatu, hayo yanapita 1,000, na jana usiku nilifika kwenye D.