Kung'arisha Kisu si Kuficha



Tukienda sokoni kununua kisu cha kukunja, kwanza twatazama mng'ao. Twasema, "Hiki chameremeta, basi ni kizuri." Tusidanganyike. Fundi mwaminifu hung'arisha ili tuone. Fundi mwenye haraka hung'arisha ili tusione.

Huku kwetu uhunzi ni kazi ya heshima tangu zamani. Wanyanga wa Walikale husimulia jinsi Mwindo alivyokwenda kwa wajomba zake wahunzi, nao wakamfulia mavazi ya chuma. Mzee Rureke aliisimulia hadithi hiyo mwaka 1956, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene wakaitoa kitabuni mwaka 1969.

Chuma kizuri cha visu hupatikana katika resori za motokari zilizokufa. Mhunzi hukata kipande, hukifua, hukipasha moto mpaka kiwe chekundu, kisha hukitumbukiza katika mafuta. Sasa ni kigumu, lakini chaweza kuvunjika kama kioo. Tena ni cheusi, kimefunikwa na magamba ya moto.

Hapo fundi hodari hushika jiwe na maji, akasugua mpaka weupe wa chuma utokee. Sababu ni mbili. Kwanza, ufa mwembamba hujificha chini ya weusi. Ukionekana, kisu hicho hakiendi sokoni. Pili, ni lazima chuma kipashwe tena kwa moto mdogo ili kisivunjike, na joto lake hupimwa kwa rangi: manjano ya majani makavu, karibu digrii 230, kisha kahawia, kisha zambarau, mwisho buluu, karibu digrii 300. Makali hutaka manjano. Resori ndogo ya mgongoni, ile inayobana kisu kisijifunge, hutaka buluu. Juu ya chuma kichafu rangi hizo hazionekani.

Baadaye husugua tena, kwa jiwe la kukwaruza kwanza, kisha kwa lile laini. Kila akibadili jiwe hubadili na njia ya mkono, mpaka mikwaruzo ya kwanza iishe yote. Maana maji hukaa katika mikwaruzo, na kutu huanzia hapo. Katika msitu wa Walikale na ukungu wa milima ya Masisi, kutu haichelewi. Kwenye maungio ya kisu, kidole kisipofika, hutia tone la mafuta.

Mwenye haraka hukandamiza kisu juu ya jiwe la kuzunguka bila maji. Makali hugeuka buluu, yaani yamelegea. Kisha hufuta rangi ile, na kisu chang'aa!

Ndugu, vita vilivyoanza mwaka 1993 vimewatoa wengi makwao, huku Masisi na kule Walikale. Akimbiaye hawezi kubeba fuawe. Akifika ugenini huuza upesi ili watoto wale, na haraka hiyo huingia katika kisu. Hatumhukumu. Lakini mnunuzi naye ni maskini: resori ikilegea, kisu hujifunga juu ya vidole vyake, na mchungaji asiye na vidole atakamaje ng'ombe?

Basi tusibishane bei tu. Tukifungue kisu juani, tutazame ubapa wote, tusikilize kama chafunga kwa nguvu. Tukiona kazi njema, tumlipe fundi na saa zake za kusugua. Tukikataa kuzilipa, sisi wenyewe twamfundisha haraka.