Gari la Marehemu Ndani ya Eda



Alipofariki jirani yetu mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu, jamaa zake walitukabidhi kazi ya kuorodhesha mali aliyoiacha. Haikuwa nyingi: nyumba, akiba kidogo, na gari dogo alilolitunza kama mboni ya jicho. Warithi walikuwa mjane, binti wawili na mvulana wa miaka tisa. Tukaamua, tukidhani tumefanya ihtiyati, kwamba gari lifungwe na ufunguo ukae kwetu, lisiguswe mpaka mama amalize eda na mirathi igawanywe.

Miezi minne na siku kumi ilipotimia, akaja mnunuzi. Mvulana alisimama karibu, ana hamu ya kulisikia gari la babake likinguruma. Tukazungusha ufunguo, hapakuwa hata na mlio.

"Maalim, gari halisemi," akasema yule mtoto.

Mnunuzi akakata bei palepale. Tulipounganisha waya kutoka gari la jirani liliwaka, lakini betri yake yenyewe haikukubali tena chaji. Hasara hiyo iliingia katika fungu la yatima, nasi ndio tulioshika ufunguo.

Fundi wa umeme wa magari alitueleza kisa chote akiwa ameketi juu ya ndoo. Gari lililozimwa halijalala. Kengele ya wizi, saa na kumbukumbu ya redio huendelea kunywa umeme kidogo kidogo. Tukapiga hesabu pamoja naye: gari likinywa miliampia 50, kwa siku hupotea ampia-saa 1.2, basi betri ya ampia-saa 45 humalizika kwa siku 38 hivi. Eda hukaribia siku 130. Tena betri ya risasi na asidi hupungua yenyewe hata ikiwa haikuunganishwa na chochote, na joto letu la pwani huongeza kasi. Lakini baya kuliko kuisha ni kukaa imeisha. Salfeti hujenga chembe ngumu juu ya bamba za risasi, na zikishakomaa chaji haipenyi. Iliyoisha jana huenda ikahuishwa. Iliyoisha miezi mitatu mara nyingi hutupwa.

Dawa yake ilikuwa spana namba kumi. Kwanza hakikisheni ufunguo unafungua mlango kwa mkono, kwani kufuli nyingi siku hizi hutegemea umeme. Kisha legezeni nati ya waya wa hasi, wenye alama ya kutoa, na kuusogeza mbali na betri. Ukianza kufunguliwa huo, siku ya kurudisha huwa wa mwisho. Mama aliyewahi kubadilisha mtungi wa gesi hatashindwa. Baada ya hapo betri ichajiwe kila mwezi kwa chaja inayojikata yenyewe ikijaa. Ikipimwa baada ya kupumzika saa kadhaa, iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo, ikifika 12.0 iko taabani.

Kuwasha gari dakika tano kila Ijumaa, kama tufanyavyo wengi wetu, hakufai kitu. Kuwasha kwenyewe hula umeme mwingi, na injini ikinguruma tu mahali pamoja hurudisha kidogo.

Wazee wetu walikataza betri kuwekwa juu ya sakafu ya saruji. Kwa betri za zamani walikuwa na sababu. Hizi za plastiki hazidhuriki. Lenye kudhuru kweli ni moto. Betri inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka, basi msiichaji chumbani mlimofungwa madirisha, wala kisipitishwe karibu nayo chetezo cha udi, na nyumba za msiba hazikosi udi. Watoto nao wawekwe mbali na asidi yake.

Wako waliotuuliza kama si kuingilia mali ya warithi kabla ya kugawanywa. Kwa maoni yetu, kulitunza si kulitumia. Kulipeleka sokoni bila idhini yao ni jambo jingine. Anayesimamia mali ya yatima ameachiwa alinde thamani yake, na kufunga mlango peke yake hakulindi.

Betri mpya tuliinunua kwa fedha zetu. Mjane alikataa, akasema sadaka zimetosha. Tukamwambia hii si sadaka, mama, ni deni. Akanyamaza kidogo, kisha akapokea.

Mwezi uliopita tuliitwa katika nyumba nyingine yenye msiba. Baada ya khitma tuliomba spana. Binti wa kidato cha tatu ndiye aliyefungua nati, mamake akimulika kwa simu kutoka dirishani.