“Mwenzio Ana Majukumu”: Mdada Agundua Jamaa wa Dawati la Jirani Anamzidi Laki Tatu

Mjini hapa watu wanaambiana kila kitu. Nani kaachwa, nani gari lake ni la mkopo, nani bado anaishi kwa shemeji. Ila muulize mtu analipwa kiasi gani mwisho wa mwezi, atakuangalia kama umemuomba namba ya siri ya M-Pesa. Mshahara ni siri bwana! Shida ni kwamba kuna watu siri hiyo inawatia hasara kila mwezi na wala hawajui.

Kuna mdada mmoja wa Dar, miaka 27, anafanya kazi kwenye ofisi moja ya matangazo. Yeye na jamaa mmoja waliajiriwa wiki moja, kwa shahada moja na cheo kimoja. Wakapewa madawati jirani. Mchana wanakula wote ubwabwa maharage kwa mama ntilie, tarehe 20 ikifika wanalia wote njaa. Miaka miwili mdada anaamini wanalia njaa moja.

Kumbe njaa zilikuwa mbili.

Jamaa alitaka mkopo benki. Akamtumia mdada fomu pamoja na slipu yake ya mshahara amsaidie kupiga hesabu za marejesho, maana kwa hesabu mdada ndiye fundi wa ofisi nzima. Mdada akafungua, akasoma, akarudia kusoma. Jamaa analipwa 1,150,000. Yeye 850,000. Laki tatu kila mwezi, kwa miaka miwili ni milioni 7 na laki 2. Watu wananunua viwanja kwa hela hiyo.

Jamaa naye alishtuka. “Dah, mi nilijua tuko sawa!” Wakaanza kukumbushana ya siku ya usaili. Jamaa alipoulizwa anataka kiasi gani, alitaja hela ndefu, wakapunguziana. Mdada alijibu, “Chochote mtakachoona kinafaa.” Ndivyo alivyolelewa, binti asionekane ana tamaa ya hela. Wiki nzima akawa anajilaumu mwenyewe kwamba hakuomba.

Halafu akaenda kwa bosi. Jibu alilopewa halikuwa na habari ya kuomba wala kutokuomba.

“Sikiliza dada, mwenzio ana majukumu. Ana mke, ana mtoto. Wewe uko peke yako, na kesho kutwa unaolewa, mumeo atakutunza.”

Majibu yalimjaa mdomoni. Mama yake yuko Tanga na dawa za presha kila mwezi anatuma yeye. Mdogo wake yuko chuo, hela ya kula anatuma yeye. Lakini akayameza yote. Angeanza kuyataja, angekuwa ameshakubali kwamba mshahara ni mchango anaopewa mwenye shida kubwa zaidi. Akatoa karatasi moja akaiweka mezani. Upande mmoja wateja saba anaowahudumia yeye, upande wa pili watano wa jamaa.

Hapo ndipo penyewe. Kazi inalipwa kazi, hailipwi majukumu. Mwenye nyumba akija kudai kodi ya miezi sita hana bei ya wasiooa na bei ya wenye familia. LUKU haina uniti za wanawake. Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa aliyekopa, awe wa kike au wa kiume. Iweje mshahara peke yake ndio uulize una mke au huna?

Na sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa jinsia, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya kifamilia. Ndiyo, majukumu yale yale aliyoyataja bosi! Kifungu hicho hicho kinamtaka mwajiri achukue hatua ili mwanamke na mwanaume walipwe sawa kwa kazi yenye thamani sawa.

Sheria hiyo hiyo inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, baba siku 3. Ukizilinganisha hizo namba unaelewa kwa nini mabosi wengine wanamkata binti hela kwa ajili ya mtoto ambaye hata hajamzaa. Claudia Goldin, mchumi wa Marekani aliyepata Nobel mwaka 2023, alionyesha kwamba kwenye nchi tajiri siku hizi sehemu kubwa ya pengo la kipato inaanza mtoto wa kwanza anapozaliwa. Huyu mdada hana mtoto. Pengo lake lilianza siku ya usaili.

Mwisho wake? Mdada aliongezewa 150,000. Nusu ya pengo, na ya miaka iliyopita hakuna aliyeigusa. Alisaini, kwa sababu kodi ya chumba ilikuwa imebaki wiki mbili. Jamaa akapewa barua ya onyo kwa kutoa siri ya mshahara. Aliisoma, akaikunja, mchana wakaenda wote kwa mama ntilie kama kawaida. Marafiki wa mdada wamegawanyika: wapo wanaosema angegoma kusaini apeleke kesi CMA, wapo wanaosema laki na nusu mjini si haba.

Mwezi uliopita ofisi iliita watu kwenye usaili. Kwenye benchi la nje alikaa binti katoka chuo juzi tu, bahasha mapajani, akimuuliza kila anayepita choo kiko wapi. Mdada alimwonyesha. Wakiwa kwenye korido akamwambia, “Mdogo wangu, wakikuuliza unataka kiasi gani, usiseme chochote mtakachoona kinafaa.” Halafu akamtajia mshahara wa jamaa, mpaka mia ya mwisho.

Wewe wa dawati la jirani unajua analipwa ngapi?